Mfereji wa Migombani

"Hukati hapa."

"Nakata."

"Gwe Ambilikile! Ukishusha hilo jembe, umenishushia mimi."

"Basi sogea, mama mdogo. Maji hayasubiri mtu."

Hakusogea. Mama mdogo Stella alisimama katikati ya migomba, kanga imelowa chapachapa, mkono mmoja kaushika mgomba kama mtu anayezuia mlango. Mimi nilikuwa ndani ya mfereji, tope mpaka magotini, jembe juu.

Mvua ilianza asubuhi, ikashuka kutoka milimani moja kwa moja mpaka huku kwetu Ngonga. Bustani yangu iko bondeni. Tangu Januari nainua matuta: nachimba tope la mbuga, jeusi, linanata mpaka jembe linagoma kutoka, nalipandisha kwa karai, nachanganya na samadi na pumba za mpunga. Viganja vikachubuka, vikapona, vikachubuka tena. Watu wananicheka, eti kaacha shule aje kuwajengea panya nyumba. Sasa hoho zimeanza kutoa maua, na maji yameshafika nusu ya tuta. Zikilala kwenye maji mpaka kesho, mizizi inaoza. Kwisha.

Njia fupi ya kuyatoa maji kwenda korongoni, hadi ziwani, inapita pale pale aliposimama.

"Mgomba ni mgomba tu," nikamwambia. "Nitakupandia mingine."

"Na kitovu cha Gift utakipanda wapi?"

Gift ni mwanawe. Alikuja kujifungulia hapa kwa bibi, na kitovu cha mtoto kikazikwa kwenye shina lile, kama vyetu wote. Gift alikufa mwaka juzi, homa. Ukoo wa baba yake wakamzika kwao Ikolo, na huko mama mdogo hapokelewi tena.

"Kilishaoza. Kimekuwa udongo."

"Ndiyo huo udongo unaotaka kuupeleka ziwani."

Nikainua jembe. Akafumba macho, hakutoka. Nikalishusha pembeni, likakata vimizizi tu, lakini alipiga yowe kama nimemkata yeye.

"Unaona unavyonifanya niwe mtu mbaya?" nikafoka. "Nikose kula kwa ajili ya kitovu?"

"Kosa. Mimi nimekosa mtoto."

Nikatazama bustanini. Njia nyingine ipo, ila inapasua matuta yangu mawili ya chini, yale makubwa, yenye maua kuliko yote. Nikiyavunja, yaliyobaki labda yatapona. Labda. Maji yalikuwa yanazidi kupanda.

"Toka mvuani, utaugua."

"Sitoki mpaka uweke jembe chini."

"Siweki, nina kazi nalo. Na hoho zikikomaa usije kuniomba hata moja, nakwambia."

"Nani anakula hoho zako!"

Nikapanda kutoka mferejini, jembe begani, nikampa mgongo, nikaenda kuvunja matuta yangu.