Vitundu Viwili Chini ya Dirisha

...na silikoni ikawa inatoka yenyewe, polepole, nyeupe, maana fundi alisahau kulegeza kile kichuma cha nyuma ya bunduki yake ya kusukumia silikoni, ikajikunja kwenye ncha ya mdomo wa tyubu, ikaning'inia, ikadondoka juu ya kiatu, naye wala hakutikisika, alikuwa amesimama kwenye kipandio cha nne cha ngazi, uso umekaribia kioo cha dirisha la chumba chake mwenyewe, na chini dada yake mkubwa ameikamata ngazi kwa mikono miwili huku anaongea, na huyu dada akishaanza kuongea hana breki, "Piga mstari mwingine hapo chini, mdogo wangu, usiibanie silikoni, piga mnene, maji yakome kabisa," naye akaitika "eeh", eeh ya mtu ambaye hayupo, kwa sababu alikuwa anatazama maji. Yalikuwa kwenye reli ya dirisha, ile mifereji miwili ya alumini ambayo vioo huteleza ndani yake, yamejaa pomoni, yametulia, mvua ilikatika tangu alfajiri lakini yenyewe bado yapo, na mdudu mdogo mwenye mabawa anaelea juu yake, anakwenda taratibu mpaka mwisho wa reli, anagota, anarudi, haoni pa kutokea... Upande wa pili wa kioo mkewe anafuta ukuta. Hufuta kila asubuhi, kitambaa kile kilikuwa nepi ya mtoto, sasa kimegeuka kijivu kwa ukungu, anaanzia chini ya dirisha pale rangi ilipovimba malengelenge, anashuka nacho, anakamua kwenye ndoo, anarudi juu, hamtazami mumewe, na jua lilivyopiga kioo sura ya fundi imelala juu ya sura ya mkewe, kwa hiyo kila mkono unapopita anajiona anafutwa, paji la uso, pua, mdomo, halafu anajiona tena, bado yupo, anafutwa upya, na ilikuwa raha ya ajabu kufutwa hivyo, bila haraka, angeweza kukaa huko juu mpaka adhuhuri asishuke, kwa sababu akishuka tu dada ataondoka, na dada haondoki peke yake. Ndani mtoto akakohoa.

"Unamsikia?" dada akasema, "Hata miaka miwili hajatimiza huyo, kifua kinalia utadhani cha mzee. Mimi nikimchukua leo simrudishi mpaka huo ukuta ukauke, na wifi naye ajifunze kuanika nguo nje kama watu." Eeh, dada. Begi la mtoto lipo mlangoni, zipu yake ni mbovu, mkewe ameishikiza kwa pini, na jana jioni ni yeye fundi mwenyewe aliyekata maneno, alisema sawa dada, mchukue, na mkewe akainuka akaenda kukunja vinguo, kimoja kimoja, soksi moja akaikunja mara tatu, aliporudi macho yalikuwa mekundu na yeye akajitia hamnazo, akauliza chai iko wapi. Dada hana roho mbaya, hilo lazima lisemwe, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyempeleka kujifunza kazi, ndiye anayejisifu kwa majirani kwamba mdogo wangu huyu fundi mtaa mzima wanamwita Mstari, mstari wake hauna kona, akipitisha kidole gumba mara moja basi, huioni hata hiyo silikoni imeanzia wapi... ila ulimi wake, jamani, ulimi wa dada! Miaka miwili amemwandama wifi yake kwa ajili ya ukuta huu. Mara anaanika nepi chumbani, mara anachemsha maji chumbani, mara hafungui dirisha, mara alikotoka hawajui usafi, na nepi zikatolewa nje, maji yakachemshwa uani, dirisha likafunguliwa asubuhi za baridi mpaka mtoto akapata mafua, ukuta ukaendelea kutoka jasho, na nani aliyekuwa anasema "dada anasema kweli"? Aliisikia sasa, sauti yake mwenyewe, ile sauti ya mwanamume anayetaka kula kwa amani, dada anasema kweli, dada anasema kweli, wewe mwanamke jitahidi kidogo...

Lakini haya maji yanatoka wapi, si ni ya mvua, na mvua huingia kwenye reli siku zote, yanatakiwa yatoke, yatokee wapi, na macho yake yakashuka yenyewe hadi chini ya fremu, pale anapotakiwa kupiga mstari mwingine, ukamlaki mstari wake wa zamani, miaka miwili na bado unang'aa, umenyooka, mtoto mchanga angeweza kuutembezea kidole asikwaruzike, na chini yake, shubiri moja kutoka kila pembe, silikoni imebonyea mahali pawili, vishimo viwili vidogo ambavyo mtu mwingine asingeviona. Vitundu. Akamkumbuka yule mzee mwenye pengo, fundi wa alumini aliyelipachika dirisha hili, alivyochuchumaa hapa akaonyesha kwa kalamu ya risasi, "Hivi usiviguse, maji yakiingia kwenye reli hutokea hapa, dirisha nalo hukojoa, bwana, ukilizuia litajikojolea ndani," wakacheka, walicheka sana siku ile, na mvua ya kwanza ilipokuja akaona maji machafu yanachuruzika kutoka humo, yanachora mstari wa tope juu ya rangi mpya, rangi aliyoipaka mara tatu, akaudhika, nyumba ya fundi itoe kamasi mbele ya watu? Akaziba. Aliziba kwa mapenzi, hilo ndilo linalouma, chumba atakacholala mtoto kisiingie hata tone. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, alisimama hapahapa chini, pale dada aliposimama sasa, amebeba bakuli la maji ya sabuni juu ya tumbo, yeye anachovya kidole gumba, anapitisha, anachovya, harufu ya silikoni kali kama siki, mkewe anaivuta puani anacheka, mimba ile ilimfanya apende harufu za ajabu, na alikuwa mzuri siku hiyo, mzuri mno, na akasema kitu, alisema kitu akiwa ameinua uso, jua machoni... alisema nini? Midomo yake aliiona, sauti haikuja, dada anaongea chini, "hata shangazi yetu alisema huyu mwanamke hatafaa nyumba", akasubiri, kitambaa kikampitia usoni, kikampitia tena, na sauti ikaja. "Na hivyo vitundu navyo unaziba? Si huenda wameviweka kwa kazi?" Naye akajibu, bila hata kugeuka, "Mama, ya ufundi waachie mafundi."

 Yule mwanamke hasahau, anakumbuka shati alilovaa siku walipokutana na kifungo kilichokosekana, atasahauje hili, basi alikuwa anakumbuka, miaka miwili anafuta ukuta na anakumbuka, anatukanwa mvivu na anakumbuka, na hakulitoa hata siku moja mbele ya dada, alimsitiri, alikuwa anamsubiri aone mwenyewe, au alikwishakata tamaa kwamba ataona. Alijionea haya, haya ya kweli. Kisu kipo mfukoni. Anaweza kuvitoboa sasa hivi kimyakimya, maji yatoke, ukuta utaanza kukauka na asijue mtu, na dada atasema mnaona, tangu nimchukue mtoto nyumba imekauka, na mkewe ataendelea kukunja soksi... hapana. Au amwambie yeye tu, peke yake, kupitia kioo hiki, yaishe baina yao, na akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye dirisha, akasema polepole, "Ni mimi niliyeviziba." Mkewe akageuka. Akainua kidevu, midomo ikasema nini?, lakini sauti haikutoka, vioo vimefungwa kwa ajili ya kifua cha mtoto, na pande zote nne yeye Mstari alikuwa ameziba vizuri. "Unaongea na nani huko juu?" dada akauliza, mikono bado kwenye ngazi, "Maliza basi, jua linapanda, nina safari na mtoto." Silikoni ikadondoka tena kwenye kiatu. Mkewe akaacha kufuta, akaja, akalaza sikio lake kwenye kioo na kufumba macho, akangoja, na hakukuwa na sauti ambayo ingemfika yeye bila kumfika dada. Akashika fremu kwa mkono uliobaki.

"Ni mimi niliyeziba vile vitundu!" akapaza sauti, hata mtoto akanyamaza kukohoa. "Uliniuliza mke wangu, nikakunyamazisha. Ukuta huu ni mimi."