Tokeni ya Dada wa Mapokezi

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu yakitambaa juu ya kioo cha dirisha na upepo umetulia, mtunzi wa programu ambaye wenzake katika maabara walimwita Kufuli alifunga mlango uliokuwa wazi kwa miaka.

Mlango huo haukuwa wa mbao. Ulikuwa anwani ya mtandaoni ambayo zahanati za mji mzima zilipitia, kila moja kwa programu yake, kuchukua majibu ya vipimo vya wagonjwa wao. Aliyeijua anwani alipewa majibu. Aliyebadilisha tarakimu ya mwisho alipewa majibu ya mgonjwa mwingine, na seva haikumuuliza yeye ni nani. Mwezi uliotangulia, majibu ya mwalimu mmoja wa kike yalifika mtaani kabla hayajamfikia mwenyewe. Mkuu wa maabara, daktari mwenye maneno machache, aliagiza jambo moja: asiyejulikana asipewe kitu, na atakayekamatwa akichungulia asikanyage tena.

Kufuli aliifanya kazi hiyo kama alivyofundishwa bwenini kutandika kitanda, pembe kwa pembe. Kila mtumishi wa zahanati alipewa jina na nenosiri lake. Akiyataja sawasawa, seva ilimpa tokeni, kibali kirefu cha herufi na tarakimu, kilichobeba jina lake, zahanati yake na saa ya kukoma, kikiwa kimetiwa sahihi ambayo seva peke yake iliweza kuitia. Pasipo kibali hicho hakuna ombi lililosikilizwa. Ukigusa herufi moja, sahihi inakukana. Saa ikipita, kibali kimekufa, rudi ukabishe hodi upya. Na hata kilicho hai hakikumfungulia mtu majibu ya zahanati ya jirani.

“Kufuli, bwana,” mhasibu alimtania kutoka meza ya pili, “kesho hata chooni tutaingia kwa tokeni?”

“Wewe huko ungeumbuka. Kibali hudumu saa moja tu.”

Ofisi ikaangua kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa akitazama maombi ya kwanza ya asubuhi yakipita kwenye skrini.

Ndipo akaingia dada wa mapokezi wa zahanati ya upande wa pili wa mji, mwavuli unamchuruzika, sanduku la sampuli kifuani. Zahanati hiyo ilikuwa mali ya shemeji yake Kufuli, mume wa dada yake mkubwa. Kufuli alipomaliza masomo akakosa kazi, ni shemeji huyo aliyempa chumba na sahani mezani, akamvumilia mwaka na nusu pasipo kumkunjia uso, kisha akamshika mkono hadi kwa mkuu wa maabara. Hajapata kumkumbusha fadhila hiyo hata kwa mzaha. Kufuli alimheshimu kwa hilo kuliko kwa chumba chenyewe.

Kwenye skrini mstari mwekundu ukatokea, ukafuatwa na mwingine, kisha mwingine. Maombi yaliyokataliwa. Dada wa mapokezi akainama kusoma.

“He! Si jina langu hilo?”

“Ndilo.”

“Linafanya nini hapo?”

“Linaomba majibu ya wagonjwa wasio wenu. Limekataliwa. Tazama, linaomba tena, tarakimu kwa tarakimu.”

“Kaka, mimi niko hapa mbele yako, nimekumbatia sanduku! Au nina pacha nisiyemjua?”

“Nani mwingine ana nenosiri lako?”

“Heri uniulize nani hana. Bosi alisema sisi ni familia, nyumba moja haina funguo kumi. Wote tuingie kwa jina langu. Nenosiri limebandikwa ukutani, juu ya kompyuta.”

Kufuli alivua miwani. Alikuwa ameziba kila tundu aliloliona, lakini hakuwaza kwamba watu wangechukua kibali cha mmoja wakajifunika wote, kama shuka la msibani.

“Saa hii yuko nani pale?”

“Bosi peke yake. Muuguzi anaingia saa tano.”

Simu ya Kufuli ikalia. Alitoka nayo ukumbini.

“Shemeji,” sauti ilisema kwa uchangamfu, “mtambo wako unanikatalia. Nitengenezee tokeni moja isiyokoma, isiyo na jina.”

“Hakuna kitu kama hicho, shemeji. Na majibu unayoyatafuta si ya wagonjwa wako.”

“Walikuwa wangu! Nataka kujua wamekimbilia kwa nani. Hiyo ni biashara tu.”

“Majibu ya mwalimu je?”

“Nilimtajia mtu mmoja. Sikujua ana mdomo mpana. Sasa niambie, maombi haya ya leo mkuu wako atayaona?”

“Atayaona.”

“Kwa jina la nani?”

“La dada wa mapokezi.”

“Basi yaache yalivyo. Binti bado mdogo, hakosi kazi kwingine. Mimi nikifungiwa, zahanati imekufa, na dada yako anakula wapi?”

“Huyo binti yuko ofisini kwangu. Alisimama kando yangu maombi yalipoingia.”

“Anayejua hilo ni nani?”

“Mimi.”

“Ehe! Ni wewe tu.” Sauti ikashuka. “Shemeji, umelala kwangu, umekula kwangu. Sikukudai. Leo nakudai. Au ndiyo yale ya punda, fadhila zake mateke?”

Kufuli aliaga kwa adabu, akakata simu. Akamwita dada wa mapokezi, wakapanda pamoja kwa mkuu wa maabara. Alieleza akiwa amesimama wima, mikono mgongoni: maombi yametoka kwa shemeji yake, jina si la aliyeomba, na majibu ya mwalimu yalitokea huko huko.

“Shemeji yako ndiye aliyekuleta kwangu,” mkuu alisema.

“Ndiye.”

“Ifungie zahanati yake. Huyu binti asiguswe.”

Akashuka, akazibatilisha tokeni zote za zahanati ile. Adhuhuri haijaingia, dada yake akapiga simu.

“Mume wangu ameketi hapa kama amefiwa. Alikukosea nini?”

“Hakunikosea mimi, dada.”

“Anasema uifungue zahanati, umwambie mkuu wako ulikosea. Anasema hilo tu, na kila alichokutendea kitakuwa kimelipwa.”

“Nimemsikia.”

“Ulipokuwa huna pa kulaza ubavu, nani alikufungulia?”

“Yeye.”

“Basi nimpelekee jibu gani? Unalipa au hulipi?”

“Kwa hilo, dada, silipi.”