Faili Tupu la Nimia

Nimia aliandika kwa lugha ya Python programu ya kuwaonya watu wa mji wa Pilar mto unapofurika. Kwenye kompyuta yake ilikwenda vizuri. Alipoisakinisha kwenye kompyuta ya wazima moto wa huko, ilikataa: folda ya vipimo vya kina cha mto haikuwamo. Akaisakinisha tena mara nne, ikakataa mara nne, na mvua ilikuwa siku ya tatu haijakatika.

Akampigia simu mwenzake, Osvaldo, aliyebaki mji mkuu, Asunción, na anayeshiriki naye mafaili ya programu hiyo.

"Umegusa chochote kwenye folda ya vipimo?"

"Sijagusa. Nimefagia tu. Kulikuwa na faili tupu, jina lenyewe kama limeandikwa na mlevi, vistari viwili mbele, viwili nyuma. Nikalifuta."

"__init__.py?"

"Hilohilo. Halina hata herufi moja ndani, Nimia!"

Nimia alifumba macho. "Halihitaji herufi, Osvaldo. Jina lake ndilo linalosema folda hii ni sehemu ya kifurushi cha programu. Bila hilo, wakati wa kufunga kifurushi, folda inaachwa."

"Mbona kwangu inakwenda?"

"Kwako folda ipo! Huku haikufika!"

"Basi usinifokee, dada. Mimi nilikuwa nakusaidia."

Nimia alitaka kumtukana, akakosa tusi la kutosha. Akalirudisha faili, akafunga kifurushi upya, akasakinisha. Vipimo vikatokea: mita saba na nusu, na maji yanapanda. Mkuu wa wazima moto akatoka mbio kupiga king'ora.

Familia za bondeni zilihama kabla maji hayajaingia ndani. Osvaldo alipiga simu kila siku kuuliza habari. Nimia hakupokea mpaka Jumapili.