Kadi Moja ya Mzee na Mbwa

Baba yangu ni fundi viatu, na kwa ubishi hana mpinzani. Daktari alipomkuta na uvimbe wa saratani kwenye tezi dume, alimwambia ni wa kukua polepole, arudi baada ya mwaka. Baba akatoka pale akitamba. Mwezi uliofuata mbwa wake, Soli, akaota kijivimbe ubavuni. Baba akachukua kadi yake ya kliniki, akaandika chini ya tarehe yake: "Na Soli pia."

"Baba, huyo ni mbwa," nikamwambia.

"Na mimi ni mzee. Tutakwenda pamoja."

Nilivumilia wiki tatu. Kilichokuwa kama harage sasa kilijaa kiganja. Nikambeba Soli mzobemzobe hadi kwa daktari wa mifugo, Baba akinifuata na aproni yake ya ngozi, akilalamika njia nzima kwamba namwaibisha.

Daktari, mama asiye na mchezo, alipapasa ubavu, kisha akaisoma ile kadi ambayo Baba alikuwa akimpungia. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, Soli ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Wewe ulipokuwa na saba ulikuwa unacheza mchangani. Mwenzio keshaanza uzee. Maisha yake mafupi, na saratani yake inakwenda mbio vilevile. Ya panya hukimbia zaidi. Ukimsubirisha mwaka wako wewe, utamleta maiti."

Baba akaikunja ile kadi, akaitia mfukoni bila ubishi. Hilo lilinitisha kuliko uvimbe.

"Nilidhani huyu ndiye atakayebaki nikiondoka," akasema taratibu. "Nimeshampangia hata pa kukaa. Kwa binti yangu huyu."

"Kwangu? Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Soli alipasuliwa siku ileile. Uvimbe ulitoka wote, lakini daktari hakutuficha: tukijaliwa, miaka miwili. Nilimsubiri Baba abishane, yeye ambaye hubishania hata msumari. Akalipa tu, akambeba Soli mwenyewe.

Wiki iliyofuata, nyuzi zilipotolewa, alivua aproni saa sita mchana. Tangu nizaliwe sijamwona akifunga kazi kabla ya jua kuzama. Wateja wakafoka.

"Viatu vyenu vitasubiri," akawajibu. "Huyu hawezi."

Wakaondoka wawili hao, wote wakichechemea, mmoja kwa uzee, mwingine kwa kidonda. Mimi nikabaki napokea viatu vya watu huku nalia, na kila mteja akidhani ni harufu ya gundi.