Kiti cha Nane

Chama cha Roki Ndefu kilikuwa na wanachama saba, viti saba, na msimamo mmoja ambao haukuwahi kupigiwa kura kwa kuwa hakuna aliyeona haja: muziki waliokutana kuusikiliza, roki ya nyimbo ndefu, si wa wanawake. Si kwamba walikuwa na ubaya na wanawake, la hasha. Wote saba walikuwa wameoa, wote waliwapenda wake zao, na mmoja wao, kinyozi, alikuwa na mabinti wanne ambao hakuwanyima kitu. Ila waliamini kwa dhati kwamba mwanamke hawezi kukaa na wimbo wa dakika ishirini usio na kiitikio, unaokwenda kwa mapigo saba pale ambapo binadamu wengine wametosheka na manne, bila kunyanyuka katikati kwenda kuangalia kitu.

Mwalimu wa hesabu, katibu wa chama, alikuwa na ushahidi. Alikuwa amewauliza wanawake arobaini, akawawekea kipande kwenye simu, na majibu akayaandika kwenye daftari la mistari. Thelathini na tisa walisema hawaupendi. Wa arobaini alimuuliza kama anaumwa. Daftari halikueleza kwamba nusu yao aliwakuta kwenye foleni ya kliniki wamebeba watoto, wala kwamba dada yake mwenyekiti alibandikwa simu sikioni huku anakaanga samaki. "Ni masufuria yanagombana," dada mtu alijibu, na jibu hilo nalo likaingia kwenye takwimu.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa fundi redio. Vikao vilifanyika kwenye karakana yake, Jumamosi alasiri, katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo na harufu ya lehemu. Upande wa pili wa ukuta alikaa mkewe, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Pindo kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupinda suruali. Na Pindo, kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, alikuwa akisikiliza kila kitu.

Tusidanganyane, hakuupenda siku ya kwanza. Hakuna anayeupenda siku ya kwanza, hata wale saba wakisema kweli. Ulimwingia kwa miguu. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na siku moja alishtuka kukuta nyayo zake zinakanyaga saba, saba, saba, halafu tano, halafu saba tena, na mshono umenyooka kama kawaida. Akacheka peke yake. Tangu hapo akawa anasubiri Jumamosi kama mtu anayesubiri mgeni wake.

Mumewe hakujua. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomponza. Kila mkewe alipoingia, alipunguza sauti haraka. "Samahani mke wangu, najua kelele hizi zinakuumiza kichwa." Mwaka wa kwanza Pindo aliona haya kumkatalia. Mwaka wa tano ilikuwa imeshakuwa ngumu. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba miaka mitano amekuwa akikupunguzia kitu unachokipenda? Mambo mengine usipoyasema mapema, yanaota aibu ya kuchelewa.

Kilichomuuma hakikuwa sauti. Sauti alikuwa nayo. Mume akitoka, alibaki na redio, kaseti na hedifoni. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Aliwahi kujaribu kwa wifi yake, aliyekuwa akiishi nao. "Wifi, subiri hapa. Gita litarudi, lakini safari hii kinanda kitalikatalia." Wifi, kwa heshima zake zote, alisubiri ameinamisha kichwa. Baada ya dakika nne akauliza, "Sasa ndiyo limerudi, au bado liko njiani?" Pindo akaachana na habari hiyo, akarudi kwenye hedifoni zake na upweke wake. Kwa sababu ulikuwa upweke, tusiupake rangi. Kupenda kitu kiasi kile na kutokuwa na wa kumwambia ni njaa kama njaa nyingine.

Sasa, katika kaseti zote za chama, moja ilikuwa kama msahafu. Waliiita Mnara, kwa ajili ya picha iliyokuwa kwenye jalada la santuri yake. Ulikuwa wimbo mmoja wa dakika arobaini na mbili, uliokatwa nusu mbili kwa sababu upande mmoja wa santuri usingeweza kuubeba wote. Mwenyekiti aliazima santuri hiyo kwa alasiri moja tu, miaka kumi na mitano nyuma, kutoka kwa injinia mmoja aliyekuwa akihama siku hiyohiyo. Akainakili kwenye kaseti, na kwa ufundi wake akaukata utepe kwa mkasi ulingane na muziki, isibaki hata sekunde ya ukimya.

Nusu ya kwanza ya Mnara ilianza kwa mvumo wa kinanda, noti moja tu, unaotokea hewani kama uliokuwepo tangu zamani. Nusu ya pili iliishia kwa mvumo pia, haujibiwi, unaachwa ukining'inia. Wanachama walikuwa wamegombana juu ya mivumo hiyo miaka yote. Kila mwaka mwenyekiti alitoa hotuba aliyoipa jina "Mwanzo Usio na Mwanzo", na kinyozi hakuacha kulengwalengwa na machozi. Kati ya nusu na nusu walisimamisha, wakanywa chai, wakajadili. Ikifika mwisho, mwenyekiti aliizima redio kwa mkono wake, na wote wakakaa kimya dakika moja.

Pindo hakuwa na muda wa dakika moja ya kimya. Alikuwa na sare thelathini za shule za kumaliza. Siku moja, miezi minane kabla ya haya ninayoyasimulia, alikuwa anasikiliza Mnara kwenye redio ya nyumbani, ile inayogeuza kaseti yenyewe. Nusu ya pili ikaisha. Mikono yake ilikuwa imeshika kola, hakuweza kuzima. Redio ikajigeuza, tak, na ule mvumo wa mwisho ukaungana na mvumo wa mwanzo, noti ileile, pumzi ileile, bila hata ufa.

Miguu ikasimama. Sindano ikabaki katikati ya kitambaa.

Alirudia mara nne, kola ikangoja. Hapakuwa na fumbo lolote. Mumewe alikuwa amenakili upande wa pili kwanza. Miaka kumi na mitano wanaume saba walikuwa wanausikiliza Mnara kuanzia katikati, na kuuita muujiza.

Angemwambia nani? Hapo ndipo alipoikumbuka kanuni ya chama. Mtu akitaka kujiunga, husimama kando ya redio na kutoa "neno jipya", yaani jambo moja la kweli kuhusu muziki wao ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kulisema. Likikubaliwa, anapewa kiti. Likikataliwa, anatoka na harudi tena maishani. Kanuni haikusema mwanamume wala mwanamke, kwa sababu walioitunga hawakufikiria kuna haja ya kusema.

Miezi minane aliipima nia ya kusimama kama kitambaa cha bei ghali asichothubutu kukikata. Upande mmoja, kiti, na watu saba wanaoujua muziki ule. Upande mwingine, uso wa mumewe mbele ya wenzake. Akishindwa, hata kupita mlangoni siku ya Jumamosi kungekuwa aibu. Akishinda, anayeaibika ni mume. Mwishowe kilichomsukuma ni daftari. Jumamosi moja alimsikia mwalimu akilisoma tena, arobaini kwa sifuri, na mumewe akaongeza kwa upole, "Hata wangu, maskini, huwa namhurumia." Pindo akaweka mkasi mezani, akajifuta nyuzi kwenye gauni, akaingia karakana.

Mumewe akakimbilia kupunguza sauti. "Vikombe bado, mke wangu."

"Sikufuata vikombe. Nimekuja kusimama."

Kinyozi alicheka kwa sababu alidhani ni utani. "Shemeji, kusimama hivi hivi, au kusimama kikatiba?"

"Kikatiba."

Mkubwa wao, karani mstaafu waliyemwita Mzee Besi kwa mapenzi yake kwa gita la besi, akainua mkono. Alikuwa mkali wa kanuni kuliko waliozitunga. "Aliyesimama hakatizwi. Sema neno lako, binti yangu."

Moyo wa Pindo ulikuwa unakimbia kwa mapigo ambayo hata mwalimu asingeyahesabu. Akasema, "Mnara mnausikiliza kuanzia katikati."

Ukazuka mguno. Mwenyekiti akamtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na hakukosea sana.

"Wekeni dakika ya mwisho ya nusu ya pili," Pindo akasema. "Ikiisha, msizime. Geuzeni kaseti palepale."

Mwenyekiti akafanya hivyo. Mvumo ukaja, ukakatika kwa sekunde ya kugeuza, ukarudi. Noti ileile. Kinyozi akashika kichwa. Mzee Besi akafumba macho.

Lakini mwalimu hakuwa mtu wa kusalimu amri upesi. "Labda mtunzi alikusudia duara," alisema. "Duara halina mwanzo. Unaweza kuanzia popote, pamoja na hapo tunapoanzia sisi."

"Mwalimu, ile nusu mnayoiita ya pili inaanza na nini?"

"Filimbi peke yake."

"Inapiga nini?"

"Ile tuni kubwa. Ila kidogo kidogo, vipande vipande."

"Inapima. Inajaribu huku, inarudi, inajaribu kule. Halafu kwenye nusu mnayoiita ya kwanza, tuni hiyohiyo inakuja imekamilika, vyombo vyote vimeivaa. Mimi ni fundi wa nguo. Nani anampima mteja baada ya kumaliza kushona gauni?"

Mwalimu alifungua daftari, akalifunga. "Shemeji, haya umeyajulia wapi? Wanawake arobaini niliwauliza..."

"Uliwauliza kama wanaupenda. Kuna hata mmoja uliyemwachia dakika arobaini na mbili akae?" Hakusema kwa hasira. "Mimi nilizipata kwa sababu miguu yangu ina kazi na masikio yangu hayana. Bahati hiyo wengine hawana."

Mzee Besi akageuka polepole kwenye kiti chake. "Hoja nzuri zote mbili, ya duara na ya gauni. Lakini kuna mtu mmoja hapa aliyeishika santuri yenyewe. Mwenyekiti, upande wa kwanza ulikuwa upi?"

Pindo aliona hatari yake yote imekusanyika hapo. Mumewe alihitaji neno moja tu, "Niliusoma kwenye santuri," na hotuba zake zingebaki salama, cheo chake kingebaki, na yeye Pindo angerudi nyuma ya ukuta kwa maisha yake yote. Hakumtazama kwa kumsihi. Alisimama wima, akangoja.

Fundi redio aliiangalia kaseti mkononi. "Karatasi ya katikati ilikuwa imebanduka, pande zote mbili," alisema. "Yule injinia alikuwa ameshapakia mizigo, gari linaunguruma. Nikabahatisha." "Miaka kumi na mitano nimekuwa nikiogopa mtu aniulize swali hilo. Hotuba niliitunga ili nijiridhishe. Mke wangu yuko sahihi, na mimi ndiye niliyewapotosha."

"Neno hili kuna aliyewahi kulisema?" Mzee Besi akauliza chama.

Wote wakatikisa vichwa.

"Basi ni jipya, na ni kweli. Apewe kiti."

Viti vilikuwa saba. Kinyozi akakimbilia chumba cha mbele, akarudi amebeba kigoda cha cherehani. Pindo akatikisa kichwa. "Hicho nimekikalia vya kutosha, shemeji. Nataka chenye mgongo." Ndipo mwenyekiti akanyanyuka kwenye kiti chake mwenyewe, kile chenye mikono, akakisukuma hadi kwa mkewe, na yeye akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni. Furaha aliyoisikia Pindo alipoegemea haikuwa ya kuficha, na hakuificha; alicheka meno yote nje.

Wakauweka Mnara kuanzia filimbi, dakika arobaini na mbili, bila chai. Kilipofika kile kipande ambacho walikuwa wamezoea kukiita mwanzo, kinyozi alisimama kabisa. Wanaume wazima walikuwa wanaisikia nyumba waliyokaa miaka kumi na mitano ikipata mlango. Tuni kubwa ilipoingia imekamilika, Mzee Besi alilia waziwazi, na aliyempa leso ni mwalimu wa hesabu. Ulipoisha, wote wakamgeukia Pindo, wakaanza kumuuliza kwa kupokezana. Aliwajibu. Maneno ya miaka kumi na miwili yalitoka, na hakuna aliyemkatiza.

Wenzao walipoondoka, mume alibaki kwenye kigoda, kaseti mkononi, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Ile filimbi," alisema hatimaye. "Kabla haijakamilisha tuni, kuna mahali inasita. Wewe unaionaje?"

Miaka kumi na miwili hakuwahi kumuuliza hivyo. Pindo alivuta pumzi, akaanza kumweleza. Alikuwa hajafika hata nusu wifi alipochungulia mlangoni.

"Kaka, kuna mteja nje, anasema amefuata redio yake, ana haraka."

"Mwambie asubiri," fundi redio akasema, bila kumwondolea mkewe macho. "Wifi yako anazungumza."