Msalimie Bamvua

Kosa ni langu, siwezi kumtupia mtu. Asubuhi ile Ameir aliniambia, "Gustave, leo bamvua," na mimi nikamjibu, "Msalimie sana."

Nilidhani Bamvua ni mtu. Kwetu Uvira majina ya kuanza na Ba yamejaa, nikaona labda ni mgeni wake. Ameir ni Mzanzibari, fundi wa injini, anaishi kwenye boti ya tatu kutoka yetu hapa bandarini Durban. Alicheka mpaka akakohoa, akafikiri ni mzaha wangu wa kila siku, halafu akaenda zake Westville kwenye harusi. Ndiyo hasara ya kuwa mtu wa mchezo: siku hujui kitu, watu wanadhani unachekesha.

Mimi na mke wangu, Marie-Claire, tunaishi ndani ya boti ya matanga ya mzee mmoja Mfaransa. Yeye amerudi kwao kutibiwa goti. Mimi naichunga, nafungua madirisha isioze, natengeneza waya zake, maana diploma yangu ni ya umeme. Boti imefungwa kwenye boya, katikati ya maji. Ukitaka nchi kavu unapanda kaboti ka mpira, unapiga kasia.

Wiki ile mama mkwe alikuja kutoka Uvira kuona binti yake anaishi wapi. Mama Joséphine ni mtu wa heshima ya zamani. Kwake yeye, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawaangaliani machoni, hawasemeshani hivi hivi. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Marie-Claire, na mimi niko pale pale nasikia yote. Sasa Jumamosi saluni ya Greyville ikajaa wateja, Marie-Claire akaitwa kusuka. Tukabaki wawili. Mama akaanza kuongea na sakoshi yake, mkoba wa mkononi.

"Sakoshi yangu," alisema, amefumba macho, "hii nyumba inanizungusha kichwa tangu juzi. Kama kungekuwa na udongo kidogo tu, hata wa kusimama nisali."

Mimi nikaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie mama udongo iko."

Na kweli ulikuwapo. Ng'ambo ya mkondo mchanga ulikuwa umetokeza katikati ya bandari, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Nikampeleka. Nikavuta kaboti juu ya mchanga kidogo, kama tunavyofanya Uvira. Sikukafunga. Koti langu na simu vikabaki ndani. Mtu wa ziwa anajua maji: unayaacha hapa, unarudi unayakuta hapa. Ziwa letu likitaka kula nyumba yako linachukua msimu mzima, linakupa nafasi ya kutoa vitanda.

Mama akavua viatu, akaanza kusali. Sala ya Mama Joséphine inapita Uvira nyumba kwa nyumba, hairuki mtu. Kwa heshima nikasogea mbali, nikampa mgongo, nikawa naangalia magorofa ya Morningside kule juu. Yeye amefumba macho, mimi nimegeuka. Kaboti hakakuwa na mtu wa kukaangalia.

Maji yaliponigusa kisigino nikafikiri ni wimbi la meli. Nikasogea. Yakanifuata. Nikageuka, nikaona kaboti kanaelea, kanaenda zake na upepo, koti langu limekaa ndani kama abiria. Na ule uwanja wa mpira umebaki goli moja.

Eish. Ndipo nilipoelewa Bamvua ni nani. Si mtu. Ni siku bahari inapotoka na kujaa kupita siku zingine zote.

Nikajitupa majini. Kuogelea najua, lakini upepo ulijua zaidi. Nyuma nikasikia, "Sakoshi, ona, mkwe ananikimbia." Nikarudi, sababu kweli ilifanana na kukimbia, na sababu yeye kuogelea hajui hata kidogo.

"Mama," nikasema, nimeshasahau sufuria, "simu yako?"

"Sakoshi, mwambie iko na laini ya kwetu tu. Hapa inapiga picha."

Vijana wa kayak wakapita kwa mbali na vimtumbwi vyao. Nikapunga mikono yote miwili, nikaita mpaka koo likauma. Upepo ukabeba sauti, wao wakaona mikono tu, nao wakapunga kwa furaha, wakaenda. Kwa mbali mkono wa kuomba msaada na mkono wa salamu ni ule ule.

Tangu asubuhi nilikuwa nimeona kitu kutoka kwenye boti, maana jicho langu halitulii. Korongo, ndege wa miguu mirefu, wanasimama majini kwa mstari, kutoka ule mchanga mpaka kwenye mawe ya ukingo. Penye korongo kina ni kidogo. Pembeni yao maji ni meusi, ndiyo njia ya meli. Walikuwa bado wamesimama, ila sasa maji yanawafika tumboni.

"Mama, tunafuata ndege. Lakini mkondo utakuangusha. Panda mgongo wangu."

Akaiangalia sakoshi kama ndiyo imetukanwa.

"Umesikia, sakoshi? Mgongo wa mkwe. Uvira watasemaje?"

"Uvira hawapo, mama. Hapa iko sisi na Bamvua."

"Sakoshi, muulize Bamvua ndiye nani tena."

"Ndiye huyo anakushika magoti."

Akaangalia chini. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, taratibu.

"Sakoshi, mwambie achuchumae. Na ajifunike. Nisimguse ngozi, na yeye asinione."

Nikachuchumaa. Akanitandika kitenge kichwani mpaka mgongoni, akapanda. Alikuwa mwepesi kuliko chupa ya gesi. Moyo wake ulinigonga mgongoni kama mtu yuko mlangoni na haraka. Mbele yangu sikuona kitu, maua ya kitenge ya rangi ya chungwa tu.

"Mama, macho sasa ni wewe. Ndege wako wapi?"

"Sakoshi, mwambie kushoto kidogo."

Nikatembea. Maji yakafika tumboni.

"Sakoshi, mwambie mbele. Sakoshi, mwambie asikimbie, hii siyo marathon."

Nilianza kuipenda ile sakoshi. Halafu mguu ukaingia shimoni, tukayumba, nikasikia kitu kimeanguka majini. Mkono wake ukanyooka juu ya bega langu, ukarudi mtupu.

"Sakoshi yangu," alisema polepole. Safari hii hakuwa anaiambia kitu. Alikuwa anaiita.

Baada ya hapo hakuna tena kushoto wala mbele. Maji kifuani. Mikono yangu yote imeshika miguu yake, na kitenge kilicholowa kimenibana uso. Nikiachia mkono mmoja nikitoe, mkondo unamchukua. Mchanga ulikuwa unalegea chini ya vidole, na sikujua nimegeukia mawe ao njia ya meli. Nikasikia mabawa, mengi kwa pamoja, yanapita juu yetu.

"Mama, ndege wameelekea wapi?"

Mikono yake ikanikaza shingo.

"Mama, sakoshi haipo. Naomba uniambie mimi. Kushoto ao kulia?"

"Kulia, mkwe wangu," aliniambia sikioni, nikageuka kulia mpaka mguu ukagusa mawe ya ukingo.