Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Kazi yangu ni kuandika hati za watu wanaokiachia chuo kikuu nyumba zao. Mimi hufika na kanda ya kupimia, nakala za hati na uso usiosema kitu. Uso huo sikufundishwa na mtu. Umeniota kama sugu. Watu hulia mbele yangu. Wakimaliza, nauliza choo kiko wapi, maana lazima nacho nikikague.

Mjane yule hakulia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho. Hakujaliwa mtoto. Alitaka nyumba yake ije kuwa bweni la wasichana wanaosomea ualimu, kwa sharti kwamba yeye akae humo mpaka afe. Sharti hilo nilikuwa nimeshaliandika.

"Nani mwingine anaishi humu?" nikamuuliza. Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Mwenye nyumba akifa, yeyote asiyetajwa kwenye hati anatoka.

"Niko peke yangu. Mimi na mgeni."

Mgeni alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anamenya chungwa. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mzee mwembamba aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

"Alikuja kwenye msiba wa kaka yake," mjane akasema. "Hebu mwambie wakili umekuja lini."

"Juzi tu."

"Muongo! Nimebadilisha mabati ya nyumba hii yuko hapa, yakaota kutu yuko hapa."

"Naondoka kesho, shemeji. Nangoja nauli."

"Nauli nilikupa, ukanunua redio."

"Nilitaka nisikie hali ya barabara."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda kukagua vyumba. Katika chumba cha nyuma godoro lilikuwa limebonyea upande mmoja, na kando ya kitanda sakafu ilikuwa imechubuka rangi pale miguu inapotua kila asubuhi. Mashati yalining'inia kwenye misumari. Begi sikuliona.

Nikarudi sebuleni. "Mzee, wewe unaishi hapa?"

Akamtazama shemeji yake kwanza. "Mwanangu, mimi mgeni. Mwanamume mzima nidai nyumba ya shemeji yangu?"

"Si kudai. Ni kujibu tu."

"Nimeshajibu."

Mjane alikunja pembe ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

Mteja wangu ni chuo, na jibu lile lilikifaa chuo. Nikasoma hati kwa sauti, pamoja na kifungu kisemacho kwamba hakuna mwingine anayeishi humo. Ilibaki kusaini. Jirani aliyeahidi kuwa shahidi akapiga simu kwamba amekwama hospitali.

"Basi mgeni ashuhudie," mjane akasema. "Angalau afanye kazi siku moja."

Mzee akajifuta vidole kwenye suruali, akaninyooshea mkono. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Sikuhisi kitu. Niliona godoro tu.

"Huwezi," nikamwambia.

"Kwa nini? Najua kuandika."

"Anayeishi ndani ya nyumba hawezi kuwa shahidi wa nyumba hiyo."

Hakuna aliyetania. Mkono wa mzee ulibaki hewani kwa muda, kisha akaushusha, akaanza kukusanya maganda yake.

"Mwandike," mjane akasema.

"Shemeji, mimi..."

"Nyamaza wewe. Mwandike, mwanangu. Akae mpaka afe, kama mimi."

Nikafuta kifungu, nikaandika kingine juu yake. Mjane akasaini. Mzee naye akatia sahihi pembeni, kama mkaazi, pole pole, bila kutazama mtu. Nafasi ya shahidi nikaiacha wazi imngoje jirani.

Nikiwa garini, nilimpigia simu mkuu wa ofisi ya mali ya chuo.

"Umetuongezea mtu," akasema. "Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka afe."

"Ana umri gani?"

"Sikumuuliza."

"Anaonekana mgonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Sikumsikia hata akikohoa."